MAFUTA YA MBEGU NA INJINI YA DIZELI

Mmoja wa wanafunzi wa zamani wa shule hii, ambaye siku hizi ana mashine ya kusaga posho katika sehemu za Lango, ametuletea barua. Mhariri ameniomba niijibu. Na kwa kuwa jibu lake lina somo la kemia, la fizikia, la hesabu na la kilimo vile vile, nimeona vema niliandike hapa, ili walio darasani na wale walioondoka zamani walisome pamoja.

Barua yenyewe, kwa ufupi, yasema hivi: "Mwalimu, dizeli yanila faida yangu yote. Hapa kwetu twalima alizeti na simsim, na ua wa boma langu ni mbono kaburi mtupu. Nimesikia kwamba injini ya dizeli yaweza kwenda kwa mafuta ya mbegu. Je, ni kweli? Tena amekuja mtu anayetushauri tung'oe simsim tupande mbono, naye atatuuzia miche. Shamba langu ni ekari mbili, nami nina watoto watano. Nifanye nini?"

Swali hili si la mchezo. Mtu akikosea katika mtihani hupoteza alama, lakini akikosea katika shamba la ekari mbili hupoteza chakula cha nyumba yake. Basi twende polepole, hatua kwa hatua, tusije tukaruka jambo.

Habari za zamani

Jambo la kwanza: ni kweli. Injini ya dizeli yaweza kwenda kwa mafuta ya mbegu, na habari hii si mpya hata kidogo.

Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, ndiye aliyebuni injini hiyo. Ile iliyofanya kazi vizuri kwa mara ya kwanza ilijaribiwa katika mji wa Augsburg mwaka 1897. Miaka mitatu baadaye, katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya namna hiyo iliyotengenezwa na kampuni ya Otto iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Injini haikubadilishwa kitu, nayo ilikwenda vizuri hata watazamaji wachache tu walitambua kwamba ndani yake hamna mafuta ya kawaida. Jaribio hilo lilitakiwa na Serikali ya Ufaransa, ambayo ilifikiri juu ya makoloni yake ya Afrika, mahali ambapo karanga zilikuwa nyingi na makaa ya mawe hayakuwapo. Mwaka 1912 Diesel mwenyewe alieleza habari hizo, akasema kwamba matumizi ya mafuta ya mimea yaweza kuonekana kuwa kitu kidogo kwa wakati ule, lakini huenda siku moja yakawa na maana kubwa kama petroli na makaa.

Habari ya pili yatuhusu zaidi sisi majirani wa Congo. Mwaka 1937 mtaalamu mmoja wa Chuo Kikuu cha Brussels, jina lake Chavanne, alipewa hati ya uvumbuzi kwa njia yake ya kugeuza mafuta ya mawese ya Congo kuwa mafuta mepesi ya injini. Mwaka uliofuata, yaani 1938, basi la abiria lilisafiri kati ya Brussels na Louvain likitumia mafuta hayo. Basi hilo lilikuwa likitumia kitu ambacho leo twakiita biodizeli, ingawa jina hilo lilikuwa halijazaliwa bado.

Kwa nini basi jambo hili likasahauliwa? Kwa sababu petroli ya ardhini ilikuwa rahisi. Ilipopanda bei ghafula mwaka 1973, watu wakayakumbuka mafuta ya mimea. Sisi wa nchi zisizo na bahari tulikumbushwa kwa namna yetu: mwezi wa Januari 2008, machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Kenya yalipoifunga njia ya Mombasa, petroli na dizeli zikaadimika Uganda na Rwanda, na bei zikapaa. Siku hizo kila mwenye mashine alitazama alizeti yake kwa jicho jingine.

Mafuta ni kitu gani?

Chukua uma wa meno matatu. Mpini wake ni gliserini, na kila jino ni asidi ya mafuta, yaani mnyororo mrefu wa kaboni, mara nyingi kaboni 16 au 18. Chembe moja ya mafuta ya mbegu, yawe ya karanga, ya pamba au ya mawese, ina umbo kama la uma huo. Tofauti ya mafuta na mafuta ni tofauti ya meno.

Meno mengine yamenyoka kabisa, kwa kuwa kila kaboni imeshiba haidrojeni yake. Haya hulala pamoja vizuri kama kuni zilizonyoka katika mtumba, na kwa hiyo mafuta yake huganda upesi. Ndiyo maana mafuta ya nazi huganda yakiwa chini ya nyuzi 24 hivi za sentigredi. Meno mengine hayakushiba. Yana pindo moja au mawili au matatu. Haya hayalaliani vizuri, kama kuni zilizopinda, na mafuta yake hubaki maji maji hata wakati wa baridi. Hivyo ndivyo yalivyo mafuta ya alizeti.

Wataalamu hupima jambo hili kwa iodini: gramu 100 za mafuta zaweza kunywa gramu ngapi za iodini? Nazi hunywa kama 10, mawese 50, karanga 90, mbono kaburi 100, alizeti 130, na kitani 180. Kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo mapindo yalivyo mengi. Mafuta ya mapindo mengi yana ubaya wake: hewa huyashika upesi, yakawa mazito na ya kunata. Wachoraji wa Ulaya walipenda mafuta ya kitani kwa sababu hiyo hiyo, maana rangi hukauka. Lakini kitu kinachokauka ukutani si kitu cha kutia ndani ya injini.

Kwa nini mafuta ya mbegu huharibu injini?

Sasa kumbuka somo lako la fizikia. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni huibana hewa mpaka ikapata joto la zaidi ya nyuzi 500, ndipo nozeli inaponyunyiza mafuta ndani ya hewa hiyo, nayo yakawaka yenyewe. Kazi yote imo katika mnyunyizo. Matone yakiwa madogo kama ukungu, huungua yote. Yakiwa makubwa, huungua nje tu, na kiini chake hubaki masizi.

Ukubwa wa matone hutegemea mnato, yaani uzito wa mafuta katika kutiririka. Ukitaka kuuona mnato, fanya hivi. Chukua faneli moja, ziba tundu lake kwa kidole, tia kikombe cha maji, ondoa kidole, uhesabu sekunde mpaka yaishe. Kisha ikaushe, urudie kwa kikombe cha mafuta ya kupikia. Utaona tofauti bila kuambiwa na mtu. Katika maabara, wakipima kwa joto la nyuzi 40, dizeli hupata namba iliyo kati ya 2 na 4 na nusu. Mafuta ya alizeti, pamba, karanga na mbono kaburi hupata kati ya 30 na 40, yaani kama mara kumi. Mafuta ya mbarika, ambayo wengine huyaita nyonyo, hupita 200. Hayo yalifaa sana kulainishia injini za ndege wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, lakini kuyanyunyiza ni kazi bure.

Nilipokuwa mwalimu kijana nilimjua mwenye mashine mmoja aliyetia mafuta ya alizeti matupu katika tangi lake. Wiki ya kwanza alikuwa mtu wa furaha kuliko wote sokoni. Injini ilikwenda, na moshi wake ulinukia kama chapati. Sisi walimu tulikwenda kutazama, na mimi nilikuwa mmoja wa waliompigia makofi. Kabla ya miezi mitatu kwisha injini ikawa ngumu kuwaka asubuhi, kisha ikawa haina nguvu, kisha ikasimama. Fundi alipoifungua alikuta masizi magumu juu ya nozeli, ringi za pistoni zimegandamana, na oili ya chini imekuwa nzito kama uji, kwa sababu mafuta yasiyoungua yalikuwa yakiteremka pole pole na kuchanganyika nayo. Gharama ya matengenezo ilishinda faida yote ya miezi ile mitatu. Jambo lenyewe lilinifundisha kwamba injini ikiwaka wiki moja si ushahidi.

Hata hivyo tuseme kweli yote. Injini za zamani zilizo nzito na za mwendo wa pole, hasa zile zenye chumba kidogo cha kuwashia mbele ya silinda, huvumilia mafuta ya mbegu kuliko injini mpya. Tena mafuta yakipashwa moto, mnato wake hupungua sana. Kwa hiyo wako wanaowasha injini kwa dizeli, wakaigeuza kwenda kwa mafuta ya mbegu yaliyopashwa moto na kuchujwa vizuri, na kabla ya kuizima wakarudi tena kwa dizeli ili kusafisha nozeli. Njia hii yafaa kwa mtu mwangalifu. Kwa mtu mvivu ni kununua maradhi.

Jinsi ya kuukata uma

Njia ya Chavanne ni nyingine: badala ya kuibadili injini, abadili mafuta. Akili yake ni hii. Ikiwa ubaya wa mafuta ni ukubwa wa uma, basi tuukate uma, meno yatoke mbali mbali.

Kifaa cha kukatia ni alkoholi. Mafuta yakichanganywa na methanoli, pamoja na kichocheo kidogo kama soda kali, na kupashwa moto wa nyuzi 60 hivi huku yakikorogwa kwa muda wa saa moja, kila jino huachana na mpini na kushikamana na methanoli. Huwa meno matatu mepesi, ambayo ndiyo biodizeli, na mpini mmoja, ambao ndio gliserini. Gliserini ni nzito, kwa hiyo huzama chini, na biodizeli huelea juu. Huachanishwa, kisha biodizeli huoshwa kwa maji, halafu hukaushwa.

Walio darasani na wapige hesabu pamoja nami. Chembe moja ya mafuta yenye meno matatu ya asidi ya oleiki ina uzito wa 885. Methanoli tatu, kila moja 32, ni 96. Jumla 981. Upande wa pili twapata meno matatu, jumla yake 889, na gliserini moja, 92. Jumla 981. Hapana kilichopotea. Kutokana na hesabu hii twajua kwamba kilo 100 za mafuta zataka kilo 11 hivi za methanoli, zikatoa kama kilo 100 za biodizeli na kilo 10 na kitu za gliserini. Lakini kwa kazi hasa hutiwa methanoli kama mara mbili ya hiyo, ili kazi iende upesi na isiishie njiani, kisha ile iliyozidi hurudishwa kwa kuivukiza.

Yako mambo mawili yanayoiharibu kazi hii. La kwanza ni maji. La pili ni mafuta yaliyochacha, maana yana meno yaliyokwisha kujitenga peke yake. Yote mawili hufanya soda ishike njia nyingine, ukapata sabuni badala ya biodizeli. Mbegu zilizowekwa penye unyevu, au mafuta yaliyokaa mwaka mzima katika debe wazi, hayafai.

Na hapa lazima niseme kwa ukali. Methanoli ni sumu. Kiasi kidogo kikinywewa hupofusha macho, na kikizidi huua. Mwezi wa Aprili 2010 watu wengi walikufa katika wilaya ya Kabale kwa sababu ya kunywa waragi iliyotiwa methanoli. Haina rangi, harufu yake ni kama ya pombe, mvuke wake huwaka upesi, na mwali wake karibu hauonekani mchana. Soda kali nayo huunguza ngozi na macho. Kwa hiyo mwanafunzi asijaribu kazi hii jikoni kwao, hata akijiona hodari. Mahali pake ni maabara, pamoja na mwalimu, madirisha wazi, na miwani ya kukinga macho.

Kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza: je, kama methanoli ni hatari, hatuwezi kutumia waragi? Swali zuri. Ethanoli yaweza kufanya kazi hiyo, na ndiyo aliyoitumia Chavanne. Lakini ni lazima iwe haina maji. Waragi ina maji zaidi ya nusu, na maji, kama tulivyosema, hutupa sabuni.

Tabia za biodizeli

Sasa tuilinganishe na dizeli.

Mnato: kwa nyuzi 40 biodizeli nyingi hupata kati ya 4 na 5. Umeshuka kutoka 30 na zaidi, na sasa ni karibu sawa na dizeli. Nozeli hainung'uniki.

Nguvu: lita moja ya dizeli ina megajuli 36 hivi za joto, na lita moja ya biodizeli 33. Basi utatumia zaidi kidogo kwa kazi ile ile.

Hatari ya moto: mvuke wa dizeli waweza kushika moto ukipata joto la nyuzi 55 au zaidi kidogo. Biodizeli iliyosafishwa vizuri hutaka zaidi ya 100. Kwa hiyo ni salama zaidi kuiweka ghalani.

Usafi: karibu haina salfa, na masizi yake ni machache. Ikimwagika ardhini, vijidudu huila upesi kuliko dizeli.

Baridi: hapa ndipo mnyororo ulionyoka unapoleta taabu. Biodizeli ya mawese huanza kuwa na ukungu na chembe chembe kwenye nyuzi kama 13 mpaka 16. Katika visiwa vya Ssese, ambako michikichi imepandwa tangu miaka ya 2000, haidhuru. Lakini Kabale, ambako baridi ya usiku hushuka karibu na nyuzi 10, dereva angeamka akute filta imeziba.

Kukaa: biodizeli haipendi kukaa muda mrefu. Hewa huichachusha, na maji yakiingia vijidudu huota ndani yake. Tena hulainisha na kuharibu mipira ya asili, kwa hiyo mabomba ya injini za zamani hubadilishwa. Na ikiingia katika tangi kuukuu husafisha uchafu wa miaka mingi, ikaupeleka wote kwenye filta. Mwenye kuanza kuitumia na awe na filta ya akiba.

Mbegu gani?

Kila mbegu ina fungu lake la mafuta. Simsim na mbarika zina karibu nusu ya uzito wake, karanga karibu hivyo, alizeti kama 40 katika mia, mbono kaburi 30 na zaidi, na pamba na soya kama 20 tu. Lakini fungu la mafuta si jambo la pekee la kutazama. Lazima uulize pia: mbegu hiyo yaweza kuliwa?

Simsim, karanga na alizeti ni chakula. Nenda dukani ukaulize bei ya lita moja ya mafuta ya kula, kisha ukaulize bei ya lita moja ya dizeli. Ikiwa ya kwanza ni kubwa, basi mtu anayetia mafuta ya kula katika injini anachoma fedha. Ni afadhali auze mafuta na kununua dizeli, na chenji ibaki mfukoni.

Kwa sababu hiyo watu waliitazama mbono kaburi. Mmea huu, ambao Waganda huuita kiroowa, asili yake ni Amerika ya Kati, na Wareno ndio walioueneza Afrika. Mbuzi hawauli, basi hufaa kwa ua. Hupandwa mipakani na makaburini, na hapa Uganda wakulima wa vanila huutumia kuwa mti wa kutambazia vanila yao. Mbegu zake ni sumu. Hazina ushindani na chakula, na mmea wenyewe huishi hata penye ardhi kavu. Kati ya miaka ya 2005 na 2008 makampuni mengi yalikuja Tanzania, Kenya, Msumbiji na kwingineko, yakisema kwamba jangwa litatoa mafuta. Maelfu ya wakulima walipanda.

Matokeo yake? Mmea uliishi, lakini kuishi si kuzaa. Penye ardhi mbaya ulizaa kidogo, na penye ardhi nzuri ulitaka maji na mbolea kama mahindi. Matunda yake hayaivi kwa pamoja, kwa hiyo lazima yachumwe kwa mkono, tena na tena. Mwaka 2009 wataalamu waliopima mashamba ya wakulima wadogo wa Kenya walitoa shauri kwamba usipandwe kuwa zao la shamba, bali uwe ua tu. Makampuni mengi yalifunga vitabu vyake na kuondoka, na mkulima akabaki na miti isiyoliwa wala isiyonunuliwa.

Hesabu ya mashine moja

Sasa tumpigie hesabu ndugu yetu wa Lango. Tuseme injini yake hunywa lita moja na nusu kwa saa, hufanya kazi saa nne kwa siku, siku sita kwa wiki. Hiyo ni lita 36 kwa wiki, na kwa wiki 52 ni lita 1,872.

Kwa mashine ndogo ya kukamulia, lita moja ya mafuta ya mbono hutaka kilo 4 mpaka 5 za mbegu. Tuchukue 5. Basi atahitaji kilo 9,360 za mbegu kwa mwaka. Tuseme ua wake ni mzuri sana, na kila mita moja yampa kilo moja kwa mwaka. Atahitaji ua wenye urefu wa kilometa 9 na zaidi. Boma la nani lina ua wa namna hiyo?

Haya, na tuseme ameupata. Nani atachuma? Ikiwa mtu mmoja huchuma na kumenya kilo 3 kwa saa, kazi yote ni saa 3,120. Kwa saa nane kwa siku, ni siku 390, na mwaka una siku 365 tu, Jumapili na Sikukuu zikiwamo. Peke yake hangeimaliza, na watoto wake watano wangelazimika kuacha shule ili kumsaidia.

Na akitaka kugeuza mafuta hayo kuwa biodizeli, atanunua methanoli. Methanoli hiyo itatoka wapi? Itapita njia ile ile ya Mombasa inayopita dizeli. Basi njia ikifungwa, vyote viwili vimefungwa.

Jibu langu kwa mwenye barua

Ndugu yangu, usiing'oe simsim. Simsim yala watoto wako, na ikibaki yauzwa. Mtu anayeuza miche hupata fedha siku ya kupanda, hata kama wewe hutapata siku ya kuvuna. Muulize swali moja tu: "Utaandika mkataba wa kununua mbegu zangu kwa bei hii, kwa miaka mitano?" Ukimwona anatazama saa yake, umekwisha kujibiwa.

Ua wako wa mbono uache. Ni ua mzuri. Mbegu zake, badala ya kuoza chini, zaweza kukupa sabuni, ambayo ni kazi rahisi kuliko biodizeli na haitaki methanoli. Katika sehemu za Arusha, Tanzania, vikundi vya wanawake viliwahi kuifanya na kuiuza. Mashudu yake ni mbolea nzuri, ila usimpe ng'ombe wala kuku, maana sumu imo bado. Na watoto waonywe: mbegu hizo ladha yake si mbaya, na aliyezila hutapika na kuhara vibaya.

Kama ungekuwa mjini, ningekupa shauri jingine. Mafuta yaliyokwisha kukaangia chipsi na samaki, ambayo mahoteli huyamwaga au, vibaya zaidi, huyauza yatumiwe tena, ndiyo mali ghafi bora ya biodizeli. Hayaondoi chakula mezani kwa mtu. Vijana wenye elimu ya kemia na mtaji kidogo wangeweza kushirikiana katika kazi hiyo. Kadhalika Kenya wako watu waliokamua mafuta kwa mbegu za mti ambao Wakikuyu huuita mukinduri, nao ni mti wa kienyeji unaoota wenyewe nyanda za juu.

Na kwa injini yako: badilisha filta kwa wakati wake, nozeli ipimwe na fundi, na usiiache injini ikivuma bure huku wateja wakizungumza. Hapo utaokoa dizeli bila kupanda mti hata mmoja.

Diesel hakukosea. Mafuta ya mimea yamekuwa na maana kubwa. Indonesia mwaka 2023 ilianza kuchanganya mafungu 35 kwa mia ya biodizeli ya mawese katika dizeli yake. Lakini jambo linaloweza kufanyika katika maabara si lazima liwe jambo linalofaa katika ekari mbili. Kati ya hayo mawili pana hesabu, nasi twajifunza hesabu shuleni ili tuzipige kabla ya kushika jembe.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mafuta ya nazi huganda upesi kuliko mafuta ya alizeti?
2. Eleza mambo matatu yaliyoonekana injini ya mafuta ya alizeti ilipofunguliwa, na sababu ya kila moja.
3. Lita moja ya dizeli ina megajuli 36, na ya biodizeli 33. Lita ngapi za biodizeli zitafanya kazi ya lita 100 za dizeli? Jibu kwa lita kamili.
4. Kwa nini waragi haifai kutengenezea biodizeli?
5. Pima ua wa kwenu kwa hatua. Kwa hesabu ya kilo moja kwa mita, na kilo 5 kwa lita, ungetoa lita ngapi kwa mwaka? Zingeendesha mashine ya ndugu yetu kwa siku ngapi?